Hesabu Meno Kwanza: maneno kwa mafundi vijana wa pikapu za porini, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Nilianza kushika spana mwaka 1993, na kwa miezi mitano sikuruhusiwa kulegeza boliti hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, kuvipanga juu ya gunia kwa mfuatano ule ule vilivyotoka, na kuhesabu. Mzee aliyenifundisha alikuwa akichota gia yoyote kwenye beseni, ananiuliza: hii ina meno mangapi? Nikikosea, naosha beseni zima upya. Wakati ule niliona ananionea. Hesabu ile ndiyo iliyonilisha mimi na watoto wangu mpaka leo, na ndiyo niliyokuja kuwaachia.

Magari ninayoyasema mnayajua. Ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao Toyota walianza kuutoa mwaka 1984. Humo mna HZJ75 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 isiyo na turbo, na mna HZJ79 iliyoingia mwaka 1999. Ni Hilux LN106 yenye ekseli nzima mbele, yaani bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi, na injini iitwayo 3L, ya lita 2.8. Ni Land Rover 109 chache ambazo bado zinatembea, Mungu awape nguvu wenyewe. Ndizo zinazopeleka chanjo vijiji vya mbali, ndizo zinazotoa vitunguu Mang'ola, ndizo zinazopandisha mafundi wa minara ya simu milimani. Nyingi zina umri kuwazidi ninyi mliokaa mbele.

Hazijafa kwa sababu zinafunguka. Kila kilichomo ndani yake kinatoka kwa spana, kinatazamwa, kinapimwa, kinarudi. Lakini kwa kuwa zinafunguka, kila moja imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha kitu chake. Kadi inasema HZJ75, kumbe giaboksi ni ya gari jingine, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazozungusha tairi, imetoka kwenye gari la tatu, na ekseli imekuja kwenye kontena ikiwa sehemu ya gari lililokatwa vipande ng'ambo. Usiamini kadi. Kibandiko cha chuma kwenye chumba cha injini kina mstari wa namba za giaboksi na ekseli, usome, lakini nao unakuambia gari lilivyozaliwa tu. Maisha yake ya baadaye utayajua kwa mikono yako.

Nitawasimulia gari lililonifundisha hivyo, maana sikufundishwa kwa upole.

Mwaka 2001 mkulima mmoja wa vitunguu alileta Hilux yenye ekseli nzima mbele. Difu ya mbele ilikuwa imekatika meno. Kipuri kipya hakikupatikana, tukanunua difu iliyotumika. Wanaozijua Hilux zile wanajua uzuri wake: unatoa ekseli, unafungua nati kuzunguka, difu nzima inatoka kama droo ya kabati. Ile tuliyonunua iliingia bila shida. Matundu ya boliti yalilingana, meno ya ekseli yalishika, propela, ile shafti ndefu inayoizungusha difu, ilifunga. Nikaweka oili, nikaiendesha hadi barabarani na kurudi, kimya kabisa. Nikamkabidhi mteja gari lake.

Sikuhesabu meno. Nilikuwa na miaka minane kwenye kazi, nikaona nimeshakuwa mkubwa wa kuhesabu.

Wiki tatu baadaye mvua ikanyesha. Dereva akafunga habu za mbele, zile zinazoshikanisha tairi na ekseli, akaingiza 4x4, akapita tope vizuri sana. Alipotoka kwenye tope akaingia changarawe kavu, gari limejaa magunia, utingo yuko juu. Akajaribu kuitoa 4x4, mkono wa gia ukagoma. Akaona bora aendelee hivyo hivyo. Kwenye mlima, krosi ya propela ya mbele, ile jointi ya kwenye ncha yake, ikakatika upande wa difu. Propela ikabaki inaning'inia kwenye transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, huku inazunguka, ikapiga bomba la breki, ikalikata. Injini ikazima, gari likarudi kinyumenyume hadi likaegemea ukingo wa barabara. Utingo alirushwa akavunjika mkono.

Difu ya nyuma ilikuwa na meno 41 kwenye krauni, gia kubwa, kwa 10 kwenye pinioni, gia ndogo, yaani reshio ya 4.10: propela inazunguka mara 4.10 tairi likizunguka mara moja. Ile niliyoifunga mbele ilikuwa na 43 kwa 10, yaani 4.30. Kosa lilikuwa langu, na kijana yule nilimuuguza mimi mpaka akapona.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwenye magari haya, ukiingiza 4x4, transfa inaifunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Hakuna difu ya katikati ya kuzisuluhisha. Chukua tairi ambalo mzunguko wake mmoja ni mita 2.3. Kwenye kilomita moja linazunguka kama mara 435. Difu ya 4.10 inaitaka propela yake izunguke kama mara 1,783. Difu ya 4.30 inaitaka ya kwake izunguke mara 1,870. Tofauti ni mizunguko 87 kwa kilomita moja tu, na propela zimefungwa pamoja, haziwezi kuachana. Kwa hiyo lazima kitu kiteleze. Kwenye tope tairi linateleza, dereva anaona gari lina nguvu, anamsifu fundi. Kwenye changarawe kavu, na mzigo juu, tairi linashika ardhi. Ili yasipatikane mabaya, tairi ingebidi ziburuzwe karibu mita 48 katika kila kilomita. Zisipoburuzika, shafti zinajinyonga, mkono wa gia unagoma kutoka, na kipuri kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinacholipa.

Mkono wa gia ukigoma kutoka kwenye 4x4, usipige nyundo, usimwache dereva avute kwa miguu miwili. Mwambie arudi nyuma taratibu mita chache, shafti zijinyongoe, mkono utatoka wenyewe. Halafu leta gari gereji, maana limeshakuambia kitu. Linaweza kuwa difu. Linaweza kuwa tairi tu: 7.50R16 mpya ina kipenyo cha karibu sentimita 80, na ikiwa mbele umeacha tairi zilizolika sentimita moja ya kimo chake, kipenyo kimepungua sentimita 2, hiyo ni asilimia 2.5. Nusu ya kosa langu la mwaka 2001, na hakuna aliyefungua hata difu. Au linaweza kuwa gari zima kabisa, dereva amelitembeza ndani ya 4x4 kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona tairi za mbele zinakwenda njia ndefu kuliko za nyuma. Hilo la lami mwambie kila mteja, hata anayesema anajua.

Namna ya kuhesabu bila kufungua difu ni hii, na sioni sababu ya fundi yeyote kutoijua. Weka kabari, iweke gia huru. Inua tairi moja la nyuma, la pili libaki chini. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi lililo juu mizunguko 20 kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa tairi moja limesimama, difu yenyewe inazunguka nusu, yaani mara 10. Ukipata propela 41 na kidogo, una 4.10 au 4.11. Ukipata 43, ni 4.30. Ukipata 45 na nusu hivi, ni 4.556, meno 41 kwa 9. Ukikaribia 49, ni 4.875, meno 39 kwa 8. Mbele fanya vivyo hivyo, habu zikiwa zimefungwa. Watu huzungusha mara mbili tu halafu wanakadiria "nne na kitu", na kile "kitu" ndicho kinachovunja mkono wa mtu. Zungusha 20. Kama difu ni ya kujibana, ile inayozungusha tairi zote mbili kwa pamoja, inua zote mbili na uzungushe 10.

Mmoja wenu ataniuliza: je, 4.10 na 4.11 zinakaa pamoja? Ya kwanza ni 41 kwa 10, ya pili ni 37 kwa 9, na tofauti yake haifiki theluthi ya asilimia moja, ni ndogo kuliko ile ya upepo wa tairi. Hizo zinakaa. Zaidi ya hapo, kwangu hapana. Ukibadilisha reshio ya nyuma, badilisha na ya mbele siku hiyo hiyo. Kama mteja hana fedha ya zote mbili, chomoa propela ya mbele, mpe mkononi, mwandikie kwenye risiti kwamba gari halina 4x4 mpaka atakaporudi. Atanung'unika, na safari hii anung'unike.

Upande wa Land Rover ni hivyo hivyo. 109 za zamani zina difu ya 4.7. Watu wanapenda kuingiza 3.54 ya Range Rover au Defender ili gari likimbie na injini isilie barabarani. Inawezekana, mafundi wameifanya kwa miaka mingi. Lakini ni lazima ziingie mbili, mbele na nyuma, na hesabu mistari ya ekseli, yale meno ya kwenye ncha yake, kabla ya kununua, kwa maana ekseli za zamani zina mistari 10 na za baadaye 24. Na ukishaweka 3.54 na mzigo ni ule ule, gia ya kwanza imekuwa ndefu, klachi ndiyo itakayoungua kwenye milima. Gari la kupanda Ngorongoro na tani moja ya saruji liache na 4.7 yake.

Kuna jambo la difu ya Hilux ambalo hata mafundi wazee wengine hatulisemi. Kwa kuwa ile ya mbele na ya nyuma zinaingiliana, watu huhamisha ya nyuma kwenda mbele. Inaingia. Lakini mbele inageuka, kwa hiyo gari likienda mbele jino la krauni linasukumwa kwa mgongo wake, upande ambao kule nyuma ulikuwa ukifanya kazi ukiachia mafuta tu. Upande ule ni dhaifu zaidi, na kama difu ilikaa nyuma miaka 15 umeshalika kwa namna yake. Ukiihamisha, kagua pande zote mbili za jino, usiridhike na upande mmoja unaong'aa.

Tumefika kwenye kufunga krauni na pinioni, na hapa naomba simu ziwekwe mfukoni. Nimeona vijana wenye mikono mizuri, wanafunga kwa kusikiliza. Wanatikisa krauni kwa kidole, wanasema "hapa pako sawa". Nafasi baina ya meno ya difu ya Hilux ya inchi 8 inatakiwa iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Ile kubwa ya Land Cruiser, inchi 9.5, kati ya 0.15 na 0.20. Unene wa karatasi ya daftari haufiki hata hapo chini. Hakuna kidole cha binadamu kinachopima hivyo. Nunueni dayali geji, kile kipimo chenye uso kama wa saa, kabla ya kununua simu mpya. Unakinunua mara moja kwa miaka 20.

Nati mbili za pembeni ndizo zinazosogeza krauni. Ukilegeza moja kiasi fulani, kaza ya pili kiasi kile kile, ili beringi zisilegee. Halafu paka meno matatu au manne rangi nyepesi ya mafuta, zungusha huku mwenzako anazuia krauni kwa kipande cha mbao, uone jino limegusana wapi. Alama ikikaa katikati ya jino, umemaliza. Ikipanda kwenye ncha, pinioni iko mbali, ongeza shimu, yale mabati membamba ya kujazia nafasi, chini ya beringi yake. Ikizama kwenye mzizi wa jino, pinioni imeingia mno, punguza shimu. Kila ukibadilisha shimu unaanza upya: unakaza, unapima, unapaka rangi. Mara nne, mara tano. Hii kazi siyo ya saa mbili, na mteja akikuambia fundi wa jirani anaifanya kwa saa mbili, mwache aende kwa jirani.

Ile bushi inayobonyea kati ya beringi za pinioni, ukishaikaza ikapitiliza, haina toba. Usilegeze nati ukadhani umerekebisha. Bushi mpya, uanze tena. Na krauni na pinioni ni mke na mume: zimesagwa pamoja kiwandani, zina namba moja. Ukikuta muuzaji anakuuzia pinioni peke yake, mshukuru uondoke.

Nisogee kwenye magurudumu ya mbele, kwa maana hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko difu yenyewe. Ekseli nzima ya mbele ya Hilux na Land Cruiser ina kifundo, lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya tairi, na ndani yake mna sivi jointi, ile inayozungusha tairi hata likiwa limekata kona. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye kifundo, inaiyeyusha grisi, na mchanganyiko huo unatoka unamwagikia rimu na breki. Dereva anafuta rimu kwa kitambaa. Fundi mvivu anabandika sili ya nje, mwezi ujao gari linarudi. Tatizo liko ndani. Fungua vyote: sili ya ndani, kitambaa na raba za nje, beringi za juu na chini za kifundo, shimu zake ukiziandika ipi ilitoka juu na ipi chini. Jaza grisi yenye molibideni, ile nyeusi, mpaka robo tatu ya tufe. Halafu kabla ya kurudisha fimbo ya usukani, funga mizani ile ya kupimia samaki kwenye mkono wa kifundo, vuta, uone kinageuka kwa uzito gani, ulinganishe na kitabu cha gari hilo. Kikigeuka kama mlango uliopakwa mafuta, usukani utatikisika barabarani.

Na washa za koni. Nitarudia: washa za koni. Ni zile zilizopasuka upande mmoja, zinazoingia kwenye studi za mkono wa usukani juu ya kifundo na kwenye habu. Hazitoki kirahisi, inabidi upige pembeni kwa nyundo na kipande cha shaba mpaka ziruke. Nimefungua magari ambayo fundi aliyetangulia alizichoka akaziacha kwenye beseni, akafunga nati kavu. Bila washa hizo mkono wa usukani unacheza juu ya studi, studi zinakatika moja baada ya nyingine, na siku ya mwisho dereva anageuza usukani, tairi haligeuki. Tukio hili nimelikuta kwenye gari lililokuwa na studi mbili nzima kati ya nne. Dereva alikuwa ametoka nalo Karatu na watoto wa shule.

Sivi ikilia ta-ta-ta ukikata kona, vile vipira vimeshachimba njia zake. Kama haijapasuka na mteja hana uwezo, za kulia na kushoto zinaweza kubadilishana nafasi, ili vipira visukume upande ambao haujalika. Ni dawa ya kumsogeza mbele miezi kadhaa, mwambie hivyo wazi.

Watu wa HZJ75 na HZJ79, msichanganyikiwe kwa kuwa sura zinafanana. Ile ya 75 ina springi za vyuma bapa mbele na studi 6 kwenye rimu. Ya 79, tangu 1999, ina koili mbele na studi 5. Ekseli ya moja haiingii kwenye nyingine bila kuchomelea, na mtu akianza kuchomelea mabano ya ekseli ya mbele chini ya mwembe, mimi naondoka.

Kwenye HZJ75 mtakutana na giaboksi ya H55F, ya gia 5. Ni chuma kizuri sana. Ugonjwa wake mmoja ni pale shafti yake inaposhika gia ya kuingilia transfa: mistari inalika. Dereva akiachia mafuta na kukanyaga tena, unasikia "ka!" chini ya miguu. Wengi wanakimbilia krosi za propela, wanabadilisha nne, sauti iko pale pale. Ugonjwa wa pili ni sili iliyo katikati ya giaboksi na transfa. Ikichoka, oili inahama nyumba. Ukifungua nyumba moja ukaikuta imejaa kupita kiasi na ya pili imekauka, usifikiri mtu aliweka vibaya. Pima zote mbili kila mara.

Na kabla ya kumwaga oili yoyote, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikiwa imekwama au imekatwa pembe, utajua mapema. Kijana mmoja gerejini kwangu alimwaga oili yote ya transfa saa kumi na mbili jioni, ndipo akagundua nati ya kujazia haifunguki. Gari lililala pale siku mbili, na mgonjwa aliyelisubiri alipelekwa kwa bodaboda.

Oili yenyewe: kopo la GL-5 ni la difu, kwa sababu meno ya difu yanakwaruzana kwa kuteleza na yanahitaji dawa kali. Dawa ile kali si rafiki wa shaba, na ringi za sinkronaiza ndani ya giaboksi za zamani ni za shaba njano. Giaboksi ipe GL-4. Muuzaji akikuambia "hii inaingia kote", muulize kama anaiweka kwenye gari lake.

Maji sasa. Difu ikitembea kutwa inapata joto, hewa ndani yake inatanuka. Ukiingia mtoni, maji baridi yanaipoza ghafla, hewa inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Kama kile kipumulio cha juu kimeziba udongo, itavuta kupitia sili, na kinachoingia ni maji. Siku tatu baadaye ukifungua nati unakuta chai ya maziwa. Beringi haziwezi kuishi kwenye chai. Toa kile kipumulio, funga mpira wa mafuta, uupandishe mpaka usawa wa bodi, mbele na nyuma, giaboksi na transfa pia. Kazi hii ni ya nusu saa na mpira wa bei ya soda chache, na sijui kwa nini tunaiacha mpaka mteja aulize.

Ninyi mnaofanya kazi za magari ya utalii nina neno lenu. Hapa Arusha tunachukua pikapu ya HZJ79, tunaikata chasisi, tunairefusha, tunajenga viti na paa la kufunguka. Ni ufundi wetu, nauonea fahari. Lakini ukirefusha chasisi umerefusha propela, na propela ndefu si propela fupi iliyoongezwa bomba. Kasi ambayo shafti inaanza kujipinda na kupiga inashuka haraka kuliko urefu unavyopanda: ukirefusha mara mbili, kasi ile inashuka hadi robo. Ndiyo maana propela ndefu inagawanywa vipande viwili na kuwekewa beringi katikati. Ukiikata na kuichomelea, masikio ya krosi ya pande mbili yawe kwenye mstari mmoja, uyakague kwa pimamaji, kisha ipelekwe ikasawazishwe kwenye mashine. Mtetemo ukianza kilomita 70 kwa saa na kuzidi 90, usimwambie mteja ni tairi. Uende chini ukatazame.

Klachi sitaisema sana, mnaifunga kila wiki. Nawaomba tu mkitoa giaboksi, badilisheni klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, kile kiberingi kidogo cha kwenye flaiwili kisisahaulike, na sili ya nyuma ya injini itazameni mkiwa pale. Kuitoa giaboksi ile mara ya pili kwa ajili ya beringi ya vidole viwili ni dhambi kwa mgongo wa mwenzako.

Na beringi bandia zimejaa sokoni. Maandishi yanaweza kunakiliwa, boksi linaweza kunakiliwa. Nunua kwa mtu ambaye kesho utamkuta pale pale, na risiti iandikwe namba ya beringi. Mzee wangu alikuwa akisema beringi iliyotumika ya kweli ina heshima kuliko mpya ya uongo, na kwenye pinioni nakubaliana naye kabisa.

Nimesema mengi, na najua jua limesogea. Pale chini ya jakaranda nimeweka meza, juu yake difu mbili. Zote za Hilux, boliti zinalingana, mistari ya ekseli inalingana, rangi nimezipaka moja. Moja ni 4.10, nyingine ni 4.30. Chaki ipo, dayali geji ipo, kitambaa cha kufutia mikono kipo. Wanaomaliza mwezi huu waje kwanza, wawili wawili, mmoja azungushe na mmoja ahesabu. Mkimaliza njooni mnong'oneze hapa sikioni, msitangaze kwa sauti, ili wanaofuata nao wahesabu wenyewe.